Vipuri vya Mtambo Usiokuwepo

Katika Jamhuri ya Tarajia kuchelewa kulifutwa na Bunge, kwa kura zote, Jumanne moja baada ya chai ya saa nne. Kikao chenyewe kilikuwa kimeitishwa Jumatatu. Tangu siku hiyo hakuna kitu kilichochelewa tena katika nchi ile. Treni ya asubuhi ikiingia jioni, kipaza sauti cha stesheni hutangaza kwamba jioni imewahi, na abiria hushukuru wakapanda. Wananchi wa nchi hiyo, ambao kwa ufupi huitwa Watarajia, ni watu wasikivu na hawana makuu.

Sheria hiyo ilimkuta Sikudhani Mkumbwa akiwa na kazi ambayo mtu hatamani kukutwa nayo na sheria ya namna ile. Alikuwa Mpanga Ratiba Mkuu wa Kiwanda cha Taifa cha Mitambo Mizito. Kiwanda kile hakikutoa vitu vya kufanana kama masufuria. Kila mtambo uliundwa kwa mteja wake na kwa kazi yake: winchi ya mgodi fulani, kinu cha kusaga mawe ya barabara fulani, na ukishatoka hautoki mwingine kama huo. Kwa hiyo kila mtambo ulitaka mpango mpya tangu bolti ya kwanza, na mpango huo ulikaa kichwani mwa Sikudhani na kwenye ubao uliofunika ukuta mzima wa ofisi yake. Alijua bamba lipi la chuma likatwe lini, na gia ipi iagizwe mwezi gani, isije ikatangulia ikakaa stoo inaota kutu, wala isije nyuma mafundi wakakaa wanacheza bao. Alikuwa na miaka arobaini na sita, mfupi, sauti yake ya chini, na katika miaka ishirini na miwili ya kazi hakuwahi kutoa mtambo mbovu. Hakumwambia mtu jambo hilo. Lakini alilijua, na lilimtosha.

Aprili ya mwaka tunaousimulia, Mto Lundo uliingia katika mji wa Mfuleni. Mto ule ulikuwa umejaa tope kwa miaka mingi, hata sakafu yake ikawa juu kuliko sokoni. Masika ilipokolea, maji yaliacha njia yao yakashika njia ya watu. Walikufa kumi na mmoja. Bi. Mwanaidi, shangazi yake Sikudhani, aliyemlea tangu ana miaka minne, alikaa siku mbili juu ya paa la shule pamoja na mbuzi wa jirani. Jirani mwenyewe hakuonekana tena.

Rais alikwenda kutoa pole kwa helikopta. Hakutua, maana hapakuwa na pa kutua. Alizungumza na waathirika kwa kipaza sauti kutoka angani, na kwa mngurumo wa helikopta hakuna aliyesikia neno. Magazeti ya kesho yake yaliandika kwamba ameahidi mtambo wa kuzoa tope la mto, utakaoundwa na mikono ya wananchi wenyewe, kwa miezi mitano. Rais alipoyasoma magazeti hayo alivutiwa sana na wazo lile, akaagiza litekelezwe.

*

Wiki hiyo hiyo Sikudhani aliitwa Wizara ya Mito, Mitambo na Matumaini. Alikwenda na Meneja Mkuu wa kiwanda, Bwana Hamfrey Mtawali, mtu muungwana aliyedumu katika cheo miaka kumi na tisa kwa kukubaliana na yeyote aliyesema mwisho. Waziri, Mheshimiwa Balthazari Ngwanda, aliwapokea nyuma ya meza pana isiyo na karatasi hata moja. Akaichukua ratiba ya Sikudhani, akaisoma kwa kuigeuza huku na huku.

"Bi. Mkumbwa, hii miezi kumi umeitoa wapi?"

"Kwenye beringi, Mheshimiwa."

"Huyo Beringi ni nani?"

"Si mtu, Mheshimiwa. Ni pete ya chuma, kubwa kama hii meza yako. Ndiyo inayoshika kichwa kinachokata tope. Hapa nchini haitengenezwi. Ng'ambo kuna kiwanda kimoja kinachoitengeneza kwa kipimo chetu, na wanasema miezi minane tangu siku ya kuagiza. Miezi miwili ya mwisho ni ya kuunganisha. Tukiagiza wiki hii, mtambo utakuwa mtoni kabla ya masika."

"Wameelezwa kwamba sisi hapa tumefuta kuchelewa?"

"Wao hawachelewi, Mheshimiwa. Ndivyo kazi yenyewe inavyokwenda."

Waziri alimtazama Bwana Mtawali. Bwana Mtawali alitikisa kichwa kwa namna inayoweza kuwa ndiyo au siyo.

"Mimi nimesoma," alisema Waziri, "kwamba nchi zilizoendelea hupanga ratiba kwa kuanzia mwisho. Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli," Sikudhani akasema, kwa matumaini kidogo. "Unaanza na siku mteja anapotaka mtambo wake, unarudi nyuma unahesabu, mpaka ujue siku ya kuanza."

"Safi. Mwisho wa kazi hii ni nini, Bwana Mtawali?"

"Uzinduzi, Mheshimiwa."

"Basi uzinduzi uwe wa kwanza. Na hiyo beringi, ambayo mmesema ndiyo mwanzo, tutaifikia mwishoni."

"Mheshimiwa, kuanzia mwisho ni kwenye hesabu tu," Sikudhani alisema. "Kazi yenyewe bado inaanzia mwanzo."

"Mama, usituletee mambo ya kizamani," Waziri akamjibu kwa upole, na kikao kikafungwa kabla ya wakati, kama sheria ilivyotaka.

Vitu vya kwanza kuagizwa kwa ajili ya mtambo wa kuzoa tope vikawa mahema arobaini, viti mia tisa, fulana zenye picha ya Waziri na kwaya mbili. Karatasi za maagizo hayo zilipita mikononi mwa Sikudhani. Aliziandika vizuri kwa hati yake ndogo, na katikati ya ukurasa wa tatu, baina ya jukwaa moja na vyungu vya maua mia mbili, akaandika: beringi, moja. Akaiweka karatasi juu ya meza ya Bwana Mtawali na kusimama pale pale, ili asitokee mtu mwingine wa kusema mwisho.

"Yote haya ni ya uzinduzi?" Meneja aliuliza.

"Ni ya mtambo, Bwana Meneja."

Akatia sahihi.

*

Mtu anayeunda mtambo wa agizo maalumu anahitaji siku moja muhimu kuliko zote, nayo ni siku ya kufunga michoro. Baada ya siku hiyo hakuna anayeongeza wala kupunguza kitu, na mafundi wanaweza kukata chuma bila wasiwasi. Michoro ya mtambo wa kuzoa tope ilifungwa Mei. Ilifungwa tena Juni mara mbili, na Julai ikafungwa kila Ijumaa.

Iliundwa Kamati ya Maboresho, na kila wizara ikapeleka mjumbe, na kila mjumbe hakutaka kurudi ofisini kwake bila kuboresha. Wizara ya Itifaki ilitaka ukumbi wa wageni mashuhuri sitini, wenye viti vya ngozi. Wizara ya Ulinzi ilitaka mahali pa mzinga, kwa ajili ya mamba. Wizara ya Elimu iliomba maktaba ndogo. Wizara ya Mito, Mitambo na Matumaini, ili isiachwe nyuma na wageni, ikaomba sanamu ya Waziri akionyesha mto kwa kidole, kwa saruji.

Karakana ya mabamba ilikuwa chini ya Fundi Abdulmajidi Shekue, mtu mrefu, mkavu, mwenye nyusi zilizoungua kwa miaka ya kuchomelea. Alikuja ofisini kwa Sikudhani na michoro ya mara ya tisa chini ya kwapa, akaiweka mezani taratibu.

"Dada, hiki kitu sasa hakielei."

"Una hakika?"

"Nimepiga hesabu mara tatu. Wakiweka na sanamu, kinazama kikiwa bado kimefungwa gatini."

"Umewaambia?"

"Nimewaambia. Mwenyekiti wa kamati ameandika kwamba suala la kuelea litaangaliwa katika awamu ya pili."

Sikudhani akauliza jambo alilokuwa akiliogopa. "Mabamba uliyokata Mei, ya michoro ya kwanza, umeyafanya nini?"

"Niliambiwa niyauze chakavu."

"Na uliyauza?"

Fundi Shekue alitazama dirishani. "Yako nyuma ya ghala la rangi, nimeyafunika turubai. Nilidhani labda akili zitarudi."

*

Miezi mitano iliyoahidiwa ilipotimia, mtambo ulizinduliwa. Kwa kuwa haukuwapo, kilichozinduliwa kilikuwa ubavu wake mmoja, wa bati jembamba lililopakwa rangi ya samawati, urefu wa mita thelathini, umesimamishwa mbele ya mahema kwa magogo ambayo wageni hawakuyaona kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kupita nyuma. Mngurumo wa injini ulitoka kwenye spika. Ulikuwa umerekodiwa katika mashine ya kusaga mahindi iliyo karibu na kiwanda, na mara moja ilisikika sauti ya mama akiuliza kama debe lake tayari.

"Ndugu wananchi," Waziri Ngwanda alisema, "wako waliosema miezi kumi. Wako waliosema beringi. Leo hao wako wapi? Mtambo huu mnaouona utakwenda Mfuleni, na ninaposema utakwenda, nina maana kwamba umekwisha kwenda."

Sikudhani alikuwa kwenye kiti cha mia saba na kitu, na fulana yake amevaa. Alilitazama bati likitikisika kwa upepo, akaomba Mungu lisianguke juu ya kwaya.

Utepe ulikatwa. Msajili wa Mitambo, aliyekuwapo na kitabu chake, akauandikisha mtambo palepale kwa namba MT 001, hali: mzima, kituo: Mfuleni. Jumatatu yake kiwandani likafika agizo kwamba kazi imekamilika na jalada lake limefungwa. Stoo ikakataa kutoa hata sindano ya kuchomelea kwa kazi iliyokwisha. Mafundi wakahamishiwa kwenye mnara wa kuadhimisha mtambo.

Alasiri hiyo Bi. Mwanaidi alipiga simu.

"Mwanangu, redio inasema mtambo uko huku na umeshazoa tani elfu nne. Mimi nimetoka mpaka kando ya mto na fimbo yangu. Sijauona. Uko upande gani?"

"Bado, shangazi."

"Bado nini, na tani zimeshatajwa?"

Sikudhani alisikia upande wa pili shangazi akivuta pumzi.

"Hapa kuna watu wanarudi kujenga palepale maji yalipopita," Bi. Mwanaidi alisema. "Kwa sababu ya hiyo redio. Niwaambie wajenge au wasijenge?"

"Waambie wasubiri."

"Wamesubiri sana, mwanangu. Haya, nitawaambia."

*

Beringi ilifika bandarini Januari, kwa siku ile ile waliyoahidi watu wa ng'ambo, jambo ambalo katika Tarajia lilimshtua kila mtu. Sikudhani alikwenda kuichukua kwa lori, ingawa hakujua ataifanyia nini. Ilikuwa imebaki miezi miwili na siku chache kabla ya masika.

Ofisa wa forodha aliyempokea aliitwa Bi. Theofrida Mlowe, mwanamke nadhifu mwenye mihuri kumi na minne iliyopangwa kwa ukubwa.

"Hiki ni mtambo kamili au kipuri?" aliuliza.

"Ni sehemu ya mtambo."

"Fomu ina mambo mawili tu. Mtambo kamili, unanionyesha ukitembea. Kipuri, unanipa namba ya mtambo wake, maana kipuri ni cha kitu kilichopo. Kifaa cha mtambo ambao haujaundwa hatuna fomu yake. Vya namna hiyo vinarudishwa vilikotoka."

"Na mtambo hauwezi kuundwa bila vifaa."

"Ndiyo maana nchi yetu hainunui vitu ovyo," Bi. Mlowe alisema, bila ubaya wowote.

Sikudhani aliitazama ile fomu. Kisha akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Ni kipuri. Namba ni MT 001."

Bi. Mlowe alifungua kitabu kikubwa, akapitisha kidole. "Mzoa tope, Mfuleni. Umezinduliwa na Mheshimiwa Waziri." Akainua macho. "Una miezi mitatu tu. Umeshavunjika beringi?"

"Umevunjika."

"Poleni sana. Mitambo ya fahari ya taifa hairuhusiwi kusimama zaidi ya siku saba. Nakugongea muhuri mwekundu. Ukiwa na huo, stoo zote za serikali zinakupa unachotaka kabla ya watu wengine."

Fomu ikagongwa. Haikuchukua dakika nne.

Njiani Sikudhani alikuwa amefumba macho, na dereva alidhani amelala. Alikuwa akiwaza kwamba kama beringi inaweza kuvunjika, pampu nayo inaweza kupasuka. Na pampu ikipasuka, injini haishindwi kufa.

*

Alichokipanga siku tatu zilizofuata hakikuwahi kupangwa katika kiwanda kile, na huenda hata katika nchi zilizoendelea. Ilikuwa ratiba ya kuharibika. Kila kifaa cha mtambo wa kuzoa tope kilipewa siku yake ya kuvunjika, kufuatana na siku mafundi watakapokihitaji. Pampu ilipangwa kupasuka Jumatatu, kwa kuwa kitako chake kingekuwa tayari Ijumaa. Mabomba ya kutolea tope yangetoboka kumi kumi kwa wiki, maana trela halibebi zaidi ya kumi. Gia haikuruhusiwa kuvunjika kabla ya tarehe ishirini, isije ikafika Mfuleni na kukaa juani. Injini ya ukubwa ule ilikuwapo stoo ya Wizara ya Ulinzi, ikisubiri kifaru ambacho nacho kilikuwa kimezinduliwa tu. Iliandikiwa kifo cha ghafla.

Fundi Shekue alihamishwa kutoka kwenye mnara na kuwa mkuu wa kikosi cha matengenezo. Ratiba alionyeshwa yeye peke yake. Aliisoma hadi mwisho, akarudia, kisha akavua kofia yake akajikuna kichwa.

"Dada, hapa mwili wa chombo umeandika ni kipuri?"

"Umetoboka."

"Wote?"

"Wote. Unabadilishwa kwa mabamba yaliyo nyuma ya ghala la rangi."

"Wakitugundua?"

"Wakigundua nini, kaka Majidi? Tutasema tunatengeneza mtambo wa Waziri. Nani atasema haupo?"

Fundi alivaa kofia yake. "Basi niambie mapema kitu kikikaribia kuvunjika, nijiandae."

Bwana Mtawali alikuwa akitia sahihi taarifa za uharibifu mara nne kwa siku. Ilipofika ya mia mbili alishika kalamu hewani. "Huu mtambo mbona unaharibika hivi?"

"Ni mpya, Bwana Meneja. Unazoea."

"Unazoea," alikubali Bwana Mtawali, akasaini.

Trela zilishuka Mfuleni moja baada ya nyingine. Kando ya mto, mbele ya macho ya watu waliokuwa wameambiwa wasubiri, kikosi cha matengenezo kikaurekebisha mtambo tangu chini hadi juu, mpaka ukawepo. Haukuwa na ukumbi wala mzinga. Siku mbili tu zilipotea, kwa gia iliyokuja na matundu yaliyokosewa, na siku hizo mbili Sikudhani alizilipa kwa kutokula. Tarehe ishirini na nne Februari kichwa cha kukata kiliingia majini, bomba likatikisika, likakohoa, likaanza kutapika tope jeusi upande wa pili wa tuta. Bi. Mwanaidi alikuwa ameletewa kiti. Alitazama kwa muda mrefu, kisha akamwambia Sikudhani, "Hebu niwekee mkono juu ya hilo bomba nisikie." Wakamsaidia, akaweka mkono, na hakuutoa mpaka walipomwambia lina joto.

*

Wiki mbili baadaye Sikudhani aliitwa na Tume iliyoundwa kuuchunguza mtambo. Mkaguzi wa Vipuri alikuwa amejumlisha, akagundua kwamba mtambo MT 001, fahari ya taifa, ulikuwa umeharibika vifaa elfu tatu mia moja na kumi na viwili, na vifaa vyake vyote kwa jumla vilikuwa elfu tatu mia moja na kumi na viwili.

Mwenyekiti wa Tume alikuwa Waziri Ngwanda. Kabla wajumbe hawajaingia alimwita Sikudhani chumba cha pembeni, akafunga mlango mwenyewe.

"Bi. Mkumbwa, mimi na wewe tunajua."

"Tunajua nini, Mheshimiwa?"

Waziri alilegeza tai. Kwa mara ya kwanza Sikudhani alimwona kama mtu mwenye shingo na jasho shingoni, na kidogo akamwonea huruma.

"Mle ndani yatatoka majibu mawili," Waziri alisema. "Ama mtambo haukuwapo, ama mtambo ulikuwa mbovu. Ukisema haukuwapo, mimi nimekwisha, sikatai. Lakini na vipuri vyako vyote ni haramu. Vitafunguliwa kimoja kimoja virudishwe stoo vikachunguzwe. Uchunguzi wetu huchukua miaka minne. Leo ni tarehe ngapi?"

"Kumi Machi."

"Mawingu umeyaona?"

Aliyaona. Alikuwa ameyatazama njia nzima kutoka Mfuleni, na sehemu ya juu ya mto ilikuwa bado haijaguswa. Alifikiri juu ya miaka yake ishirini na miwili bila mtambo mbovu. Hakuna aliyekuwa akiihesabu ila yeye, na alishangaa jinsi ilivyomuuma kuitoa.

Mbele ya Tume aliulizwa nani alipanga mtambo ule.

"Ni mimi."

"Na kwa nini kila kitu chake kimeharibika?"

"Niliupanga vibaya," Sikudhani alisema.

Tume ilitoa uamuzi wake ndani ya robo saa. Mtambo MT 001 ulitangazwa kuwa mbaya kuliko yote katika historia ya Tarajia. Bwana Mtawali alipewa nishani kwa wepesi wa matengenezo. Sikudhani alivuliwa cheo, na kwa adhabu akaamriwa kuhamia Mfuleni akauuguze mtambo wake mpaka utakapopona. Karani wa Tume, mtu mwenye roho nzuri, alimfuata mlangoni kumpa pole. Alishangaa kumwona mwanamke yule akishuka ngazi mbili mbili kuliwahi basi.

*

Mvua ilianza tarehe kumi na tisa. Ilinyesha siku tisa. Fundi Shekue na wenzake walizoa tope kwa zamu mchana kutwa, na Sikudhani alipanga zamu, dizeli na chai. Siku ya saba mto ulipanda mpaka ukabaki mkono mmoja kufika ukingo, mwekundu, unapita na miti mizima. Watu wa Mfuleni walisimama milangoni na vifurushi vyao vimefungwa. Mto ukakaa pale siku nzima kama unaofikiri, kisha ukapita. Vifurushi vikafunguliwa.

Siku ya kumi zikaja habari kutoka Kibondeni, kilomita thelathini chini ya mto. Maji yaliyokosa nafasi Mfuleni yalikuwa yameipata kule. Nyumba arobaini, watu sita. Sikudhani alizipokea akiwa juu ya mtambo, akakaa chini juu ya kamba iliyoviringishwa. Hakuna aliyemlaumu, na hilo halikumsaidia.

"Kule tope ni lao miaka yote," Fundi Shekue alimwambia. "Si sisi tuliolipeleka."

"Najua."

"Basi usijikalie hivyo."

"Najua, kaka Majidi."

Mei Wizara ilianza kupokea barua za wilaya zilizo kando ya mto, ya kwanza ikitoka Kibondeni. Zote zilieleza kwamba zimesikia habari za mtambo mbaya kuliko yote wa Mfuleni, na kwa heshima na taadhima zinaomba zigawiwe nazo mtambo mbaya kama huo. Zilifika barua kumi na saba. Waziri Ngwanda, ambaye si mtu wa kupuuza kilio cha wananchi, alikaa nazo siku mbili. Siku ya tatu, saa saba mchana, redio ikakatiza muziki na kutangaza kwamba mitambo kumi na saba imezinduliwa asubuhi hiyo kwa pamoja, yote imesajiliwa, yote ni mizima, na tayari imeshazoa tani zisizohesabika.

Juu ya mtambo wa Mfuleni watu waliokuwa wakila wali waliacha kula. Fundi Shekue alilamba vidole, akamtazama Sikudhani.

Sikudhani alinawa mikono. Akaenda kuuliza kwa simu namba za usajili, akazipokea zote kumi na saba na kuzirudia kwa sauti ili asikosee. Kisha akachukua daftari, akatafuta ukurasa safi, na akaanza na wa Kibondeni.